Kiti cha Kukagulia Sabuni

Hapo zamani, na si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota ndevu, palikuwa na kiwanda cha sabuni katika mji wa Kwembago. Kiwanda chenyewe kidogo, banda moja refu la bati, wafanyakazi kumi na wawili. Mwenyewe aliitwa Mzee Mbelwa. Alichemsha mawese, akayachanganya na maji makali ya magadi, yale yanayokula ngozi ya mtu, akamimina kwenye makasha ya mbao, sabuni ikiganda ikakatwa kwa waya. Mche wa sabuni wa Mbelwa ulijulikana mpaka minada ya mbali. Mama akiushika hakuwa na haja ya kuuliza bei mara mbili.

Ulijulikana kwa sababu ya kiti kimoja.

Sabuni ikishakatwa hupangwa juu ya chanja ikauke wiki tatu. Sasa, kujua kama imekauka si kazi ya macho. Kwa nje miche yote hung'aa sawasawa, mibichi na mikavu. Lazima mtu auchukue mmoja mmoja, aubonyeze kwa dole gumba huku mwanzo, katikati, na kule mwisho, kisha augonge na kusikiliza. Mkavu hupigwa mhuri. Mbichi hurudi kwenye chanja. Ukiupeleka sokoni mbichi, siku kumi hazipiti umesinyaa, na mwenye duka anakurudishia pamoja na matusi. Mtu wa kazi hiyo alikaa kwenye kiti cha mbao mwisho wa banda, na jasho la wenzake wote lilipita chini ya dole gumba lake.

Miaka minane mtu huyo alikuwa Sempoli. Mtu mfupi, mpole, mwenye watoto wanne na macho mawili mazima. Yashikeni hayo macho.

Siku moja akaja mwanamke mmoja kutoka Kituo cha Stadi, Mwalimu Mwantumu. Kituo hicho kilifundisha kazi watu wenye ulemavu. Kufundisha kilijua sana. Shida yake ilikuwa kwamba wanafunzi walimaliza, wakapewa vyeti, wakaenda navyo nyumbani kuvitundika ukutani. Basi Mwalimu Mwantumu alipewa kazi ya kuzunguka kwa waajiri. Alikuwa na usemi wake: kidole kimoja hakivunji chawa. Kituo kifundishe, mwajiri aajiri, kisha Kituo kije kila mwezi kuangalia mambo yanakwendaje.

Hakuanza na hotuba. Alishinda kiwandani siku nzima akitazama kila mtu anafanya nini. Saa tisa akamwendea Mzee Mbelwa.

"Mzee, ile kazi ya kwenye kiti haihitaji macho hata kidogo. Na wewe umemweka pale mtu mwenye mawili."

Mzee Mbelwa akacheka. "Kwa hiyo nimng'oe moja?"

"Mhamishe. Kwenye pipa la magadi ndiko kunakotaka mtu anayeona. Mimi nitakuletea binti wa kukaa pale."

Wakakubaliana. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, na Mwalimu Mwantumu aling'ang'ania mstari mmoja kuliko yote: mshahara kamili na kiti kamili, si nusu. Kwa maana alishaona mahali pengine mtu mwenye ulemavu anapewa nusu ya kazi, nusu ya mshahara, halafu anadaiwa shukrani nzima. Ukumbukeni mstari huo, maana ninyi mnapenda njia za mkato na mtaunguzwa nao.

Binti aliyeletwa aliitwa Mwanjaa. Asiyeona tangu kuzaliwa, umri miaka ishirini na tisa, cheti anacho, na kabla ya kufika Kwembago alikuwa amebisha milango kumi na tisa. Milango yote kumi na tisa ilimjibu kwa adabu: tutakupigia simu. Simu yake ilikuwa nzima, ina chaji, wala haikulia. Aliishi kwa dada yake akila chakula cha shemeji, na chakula cha shemeji kina mifupa hata kikiwa uji.

Sempoli alinuna siku mbili. Nani asingenuna? Unakaa mahali miaka minane, unaambiwa inuka, anakuja mgeni. Siku ya tatu akavuta kasha, akakaa kando ya Mwanjaa, akamwambia, "Dada, lete dole gumba lako." Akaliweka juu ya mche mkavu. Akaliweka juu ya mche mbichi. Akaliweka juu ya mche unaodanganya, ule uliokauka nje na ndani bado ni uji. Mwezi mzima, kila saa ya mapumziko, Sempoli alifundisha. Kituo kilikuwa kimemfundisha Mwanjaa kazi, lakini siri ya sabuni ya Mbelwa alimpa Sempoli.

Kiwanda nacho kilijifunza. Kwenye ukuta, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, walipigilia kamba ya katani usawa wa kiuno, na kamba ikafungwa mafundo. Fundo moja, hapo ni mizani. Mafundo mawili, hapo ni mlango wa uani. Mafundo matatu, hapo ni pipa la maji makali, pinda. Ikawa sheria kwamba hakuna kuweka kitu chochote kwenye njia ya kamba. Na ikawa sheria ya pili: ukipita karibu na Mwanjaa, taja jina lako. "Sempoli napita." "Mbelwa napita." Wakazoea hata wakawa wanatajiana wao kwa wao. Sempoli akawa anafika kwake anasema mlangoni, "Sempoli naingia," na mkewe anamjibu, "Kwani ungekuwa nani?" Kiwandani alimtajia jina hata paka.

Miaka mitatu ikapita. Miaka mitatu haukurudi mche hata mmoja kutoka sokoni. Mwanjaa akapanga chumba chake, akanunua sufuria zake, akamkaribisha shemeji yake kula. Shemeji akala, akasifu mchuzi.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika, na sikilizeni vizuri, kwa sababu nitawauliza.

Mwalimu Mwantumu alikuwa na wahitimu wengine kumi na mmoja wanaosubiri kazi. Akawashawishi waajiri sita waje Kwembago waone kwa macho yao: mwenye mashine ya kukoboa, mwenye karakana ya samani, mwenye kiwanda cha magodoro, na wengine. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mzee Mbelwa akafurahi. Akasema wageni hawa hawawezi kukuta ukuta umejaa masizi. Akaagiza banda lipakwe chokaa. Ili brashi ipite, kamba ikang'olewa. Siku ya wageni ikafika chokaa bado mbichi, na kamba iko nje imekunjwa juu ya kuni. Kumbe mtu anaweza kumwandalia mgeni mpaka akamsahau mwenyeji.

Mzee aliing'oa kamba.

Mwalimu Mwantumu akafika mapema. Akauona ukuta mweupe. "Mzee, kamba iko wapi?"

"Chokaa haijakauka, Mwalimu. Kesho inarudi."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema: kamba kwanza, wageni baadaye. Yeye ndiye aliyeisomea kazi hiyo. Lakini akawaza kwamba waajiri wote wanaogopa jambo moja, usumbufu. Wakiona kamba na mafundo wataanza kuhesabu: kamba, misumari, sheria, majina. Wasipoiona, watasema kumbe ni rahisi. Akanyamaza. Akamwendea tu Mwanjaa. "Leo kamba haipo. Utaweza?"

Mzee aliing'oa kamba. Mwalimu aliona, akanyamaza.

Mwanjaa akacheka. "Mwalimu, kutoka hapa mpaka kwa wageni ni hatua kumi na tatu. Naenda hata nikiwa na usingizi." Akaikunja fimbo yake, akaisukuma chini ya kiti kwa mguu. "Sitaki waione fimbo kabla hawajaniona mimi."

Mzee aliing'oa kamba. Mwalimu aliona, akanyamaza. Mwanjaa aliiacha fimbo.

Wageni wakaingia, wakakaa kwenye mabenchi. Mabenchi yaliwekwa pale pipa la maji makali lilipokuwa likikaa siku zote, kwa hiyo pipa nalo lilikuwa limehamishwa. Lilihamishiwa penye nafasi, na nafasi pekee ilikuwa kwenye njia ya Mwanjaa, hatua ya tisa. Nani alilihamisha? Tulieni. Haraka haraka haina baraka.

Mzee Mbelwa akasema, "Mwanjaa, mwanangu, walete wageni miche waishike." Mwanjaa akasimama na trei mikononi. Hatua moja, mbili, tatu. Wageni wakatazamana wakipendezwa. Nne, tano, sita. Mwenye magodoro akaanza kupiga makofi na wenzake wakafuata. Saba. Nane.

Sempoli akaruka. Alitoka upande wa pili wa banda, akampiga Mwanjaa kikumbo cha bega, trei ikaruka, Mwanjaa akaangukia ukutani akapakaa chokaa mgongo mzima. Sempoli mwenyewe hakuwa na mahali pa kuangukia ila kwenye pipa. Pipa likapinduka, na maji yakampata usoni.

Walimwagia maji safi bila kukoma, wakamkimbiza hospitali. Waganga walifanya yao yote. Jicho la kulia lilikwisha siku ileile. La kushoto likabaki la kujua kama kumekucha, basi.

Wale waajiri sita, watano waliondoka siku hiyo na hawakupokea tena simu za Mwalimu Mwantumu. Mmoja, yule wa samani, alisema, "Nitasubiri nione hili jambo mtalimaliza vipi."

Miezi mitano ikapita. Sempoli alilipwa fidia yake kama sheria inavyotaka, na mimi sina ugomvi na fidia. Fidia inalisha. Lakini haimwamshi mtu asubuhi ikamwambia unangojwa.

Siku moja Sempoli akaingia kiwandani ameshika bega la mkewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Sempoli. Karibu mwanangu, karibu ukae. Wanao hawajambo?"

"Hawajambo. Sikuja kukaa, Mzee. Nimekuja kazini."

"Kazi gani, mwanangu, na hali hii?"

"Ile ninayoijua. Ile isiyotaka macho."

Kwenye kiti, mwisho wa banda, dole gumba la Mwanjaa likasimama juu ya mche.

Najua. Najua mwenye akili za haraka pale nyuma ameshapata jibu: wakae wote wawili. Mzee Mbelwa naye aliwaza hivyo, akavuta kiti cha pili. Wiki moja walikaa wawili. Saa nne asubuhi miche ya siku ilikuwa imekwisha, na kutoka saa nne mpaka saa tisa walikaa wamekunja mikono kama watu wa msibani. Mzee akajaribu kuongeza sabuni, chanja zikajaa, soko likakataa kumeza. Siku ya sita Mwanjaa akasema, "Mzee, sikuja hapa kukaa nitazamwe." Sempoli akasema, "Hata mimi."

Na wewe mwingine unasema wagawane, nusu huyu nusu yule. Nusu ya mshahara ule haipangi chumba wala hailishi watoto wanne. Halafu mmesahau mkataba: kiti kamili, si nusu. Mstari uliowekwa kumlinda mtu ndio huohuo uliofunga mlango. Nani asiyeona? Kazi nyingine? Kuchemsha, kumimina, kukata kwa waya, kubeba, zote zilitaka macho katika banda lile, na Mwalimu Mwantumu alizichunguza tena siku mbili nzima akishika kichwa.

Ikabidi kikao. Wafanyakazi wakageuza makasha wakakaa uani. Mzee Mbelwa akaanza.

"Jamani, ajali haina kinga..."

"Ilikuwa nayo, Mzee," Mwanjaa akasema. "Kinga ilikuwa kamba."

Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na aliona haya mbele ya vijana wake. "Kweli. Niliing'oa mimi, na nitalala na hilo kaburini. Lakini acheni niseme la moyoni. Sempoli amenifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Kile kiti kilikuwa chake. Mimi ndiye niliyemwinua, na nilipomwinua nilimpeleka kwenye lile pipa. Ningemwacha pale alipokuwa, leo angekuwa anaona. Sasa amerudi ananiomba kitu kimoja tu katika dunia hii. Nimnyimeje? Nikimnyima, nitamtazama vipi mkewe?"

Wafanyakazi wakaguna kukubali. Mwalimu Mwantumu akasimama.

"Niliuona ukuta hauna kamba, nikanyamaza. Sijitetei. Lakini nisikilizeni. Mwanjaa ana kosa gani la kazi? Mche gani ulirudi? Mkimwinua leo, hata kama anayekaa ni asiyeona mwenzake, kila mwajiri atajifunza kwamba kiti cha mtu mwenye ulemavu ni cha kuazima: anakaa mpaka atokee tunayemhurumia zaidi. Nina watu kumi na mmoja kule Kituo. Yule bwana wa samani anangoja kusikia. Kaka Sempoli namkaribisha Kituo, atasoma bure, nitamtafutia kazi kwa miguu yangu mwenyewe."

"Miaka mingapi, Mwalimu?" Sempoli akauliza.

"Miwili."

"Kisha?"

Mwalimu Mwantumu hakutaka kudanganya. "Kisha foleni. Nyuma ya hao kumi na mmoja."

"Nina miaka arobaini na saba," Sempoli akasema. Akasimama, mkewe akamshika mkono, naye akautoa taratibu. "Mimi nina neno, na kabla ya hilo neno nina jingine ambalo hamlijui. Lile pipa nililihamisha mimi."

Mzee Mbelwa akainua kichwa.

"Mzee alisema mabenchi yakae pale. Nikalivuta, nikaliweka penye nafasi. Nikasema moyoni, nitamwambia dada Mwanjaa. Mara wageni wakaingia, tukaambiwa tutulie. Miaka mitatu nimetaja jina langu mpaka kwa paka, na siku moja niliyotakiwa kufungua mdomo niliona haya. Niliona wale mabwana watatucheka, watu wazima tunajitangaza kama makondakta. Nikanyamaza mpaka hatua ya nane. Kwa hiyo msiniite shujaa. Na sikumrukia ili anilipe. Ningemrukia hata mbuzi."

Akageuza uso upande wa Mzee. "Lakini kiti nakiomba. Nilikikalia miaka minane. Nilikitoa nilipoambiwa nikitoe, nikamfundisha aliyekuja. Sasa nimekuwa kama yeye na sina kazi nyingine ninayoiweza duniani. Nyumbani wanangu wananyata wasinigonge. Baba yao nimekuwa kabati. Nakiomba kwa sababu ndicho peke yake."

Mkewe akajifuta macho kwa upande wa khanga. Sauti fulani nyuma ikanong'ona, tenda wema nenda zako. Sauti nyingine ikanong'ona kwa nguvu kidogo, ili ifike ilikokusudiwa: asante ya punda ni mateke.

Ilifika. Mwanjaa akasimama.

"Nani amesema hivyo? Taja jina lako, ndiyo desturi yetu." Hakuna aliyetaja. "Haya. Niliiacha fimbo kwa kiburi changu, nami nina fungu langu katika kosa. Pipa sikujua mpaka leo, na sina hasira nalo, kaka Sempoli, kwa sababu umesema mwenyewe. Macho yako yalikwenda kwa ajili yangu. Hakuna siku ninayokaa pale nisiyajue.

"Lakini niulize. Kama siku ile angeokolewa mtu anayeona, tuseme mkata sabuni wetu, mngemwita kwenye kikao mkamwambia aondoke kazini ampishe aliyemwokoa? Hamngemwambia. Mngempelekea Sempoli unga na mkono wa pole, na mkata sabuni angeendelea kukata. Mimi ndiye nimeitwa, kwa sababu katika mioyo yenu kile kiti hakijawahi kuwa changu. Mlinipa kama sadaka, na sadaka mnaona inaweza kuhamishwa. Asiyeona tangu tumboni akipata kazi mnasema amesaidiwa. Aliyepofuka juzi akiitaka mnasema amerudishiwa chake.

"Nimebisha milango kumi na tisa. Mlango wa ishirini ndio huu. Nikitoka hapa narudi kwa dada yangu, kwenye mkeka wa sebuleni, kusubiri simu. Sina mlango wa ishirini na moja. Kama mnao, nionyesheni."

Mzee Mbelwa akamtazama Mwalimu Mwantumu, naye Mwalimu akatazama vidole vyake.

Ndipo Mwanjaa akageuka upande ambako alimsikia Sempoli akipumua.

"Kaka, nijibu bila kunionea aibu. Ungekuwa mimi, ungeinuka?"

Sempoli akajibu. "Hapana, dada. Nisingeinuka." Kisha akauliza yeye. "Na wewe ungekuwa mimi, ungekiomba?"

"Ningekiomba," Mwanjaa akasema. "Ningekiomba kwa nguvu kuliko ulivyokiomba wewe."

Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake haki, na kiti bado kilikuwa kimoja.

Mzee Mbelwa akasema, "Jumatatu nitatoa neno." Kikao kikavunjika, watu wakaondoka bila kuagana vizuri.

Nimeipeleka hadithi hii miji mingi, na kila mji nimepata watu wa kunijibu upesi. Mmoja huniambia Sempoli, bila shaka, si macho yake ndiyo yaliyokwenda? Mwingine huniambia Mwanjaa, haki ni haki, mnabishana nini? Namwambia kila mmoja: vizuri, umehukumu. Sasa simama, nenda kwa yule uliyemnyima, umwambie kwa kinywa chako kwa nini. Hapo huanza kukohoa na kuomba maji ya kunywa.

Basi leo ni zamu yenu. Jumatatu imefika. Watu wako mlangoni, yule bwana wa samani kapiga simu anauliza, mkewe Sempoli kasimama na mumewe upande huu, Mwanjaa kasimama peke yake upande ule, na wewe, ndiyo wewe unayetazama chini, ndiwe Mbelwa.

Je, nani alistahili kile kiti? Na yule anayerudi nyumbani, utamwambia nini?